Ratiba yangu ya kemia haivuki siku ya tatu

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 17, nipo Kidato cha Nne kwenye shule ya kata hapa Tanga. Naishi kwa mama mdogo. Yeye anauza vitumbua na mbaazi, kwa hiyo saa kumi alfajiri tunakuwa jikoni, mimi nachoma, yeye anapanga. Saa moja kasoro nakimbilia shule. Jioni nateka maji, naloweka mchele, naosha vyombo, na kitabu nakishika kuanzia saa nne usiku.

Mtihani wa moko kemia nimepata 26 kwenye karatasi ya nadharia. Sehemu A nilipata 9 kati ya 16, sehemu B 12 kati ya 54, sehemu C 5 kati ya 30. Kwenye B niliacha maswali matatu wazi kabisa, na kwenye C nilijibu swali moja badala ya mawili kwa sababu niliogopa. Vitendo nilipata 14 kati ya 50. Bureti, ule mrija wa kupimia asidi, nimeishika mara mbili tu tangu nizaliwe. Mwalimu wetu wa kemia alihamishwa mwezi wa sita, sasa anatushikia wa baiolojia akipata nafasi.

Nimechora ratiba mara tatu. Ya mwisho niliipaka rangi, kila mada na rangi yake, nikaibandika juu ya kitanda. Inaanzia mada ya kwanza ya Kidato cha Kwanza hadi ya mwisho ya Kidato cha Nne. Siku ya kwanza naifuata, ya pili naifuata nusu, ya tatu naamka na daftari kifuani na taa ya simu imekula chaji yote. Nikishapitwa naona imeharibika, nachora nyingine na kuanza upya. Mwalimu, sheria za maabara nimezisoma mara tatu. Oganiki sijafika hata mara moja.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba nikisoma naelewa kabisa. Nikipewa swali nakwama. Mfano huu ulikuwa kwenye moko: gramu 5.3 za sodiamu kaboneti isiyo na maji ziliyeyushwa zikafanya lita moja ya mmumunyo. Sentimita za ujazo 25 za mmumunyo huo zikamalizana na sentimita za ujazo 20 za asidi hidrokloriki. Tafuta molariti ya asidi. Mimi nilipata 0.0625. Kwenye masahihisho wameandika 0.125. Nimerudia mara nne, kila mara napata ileile 0.0625.

Mama mdogo anasema kemia si ya watu wote, niiache nikazanie Kiswahili na Historia. Lakini mimi nataka uuguzi. Na kuna wenzangu wanachanga 20,000 kila mmoja kununua pepa kwenye kundi la WhatsApp, wanasema ndiyo yenyewe. Zimebaki wiki nane. Nianzie wapi?

Binti wa Vitumbua, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nilifundisha kemia mpaka nikastaafu, na barua kama yako huwa naanza kuisoma pale penye hesabu. Mengine yote mtu anaweza kujisingizia, hesabu haisingizii. Na hesabu yako imenifurahisha. Tazama: 0.0625 na 0.125. Jibu lako ni nusu kamili ya jibu lao. Asiyejua kitu hakosei kwa nusu kamili, anakosea ovyo. Wewe ulijua kwamba moli moja ya sodiamu kaboneti ni gramu 106, ukagawa 5.3 kwa 106 ukapata 0.05. Ukazidisha kwa 25, ukagawa kwa 20. Hatua zote hizo ni sahihi. Imepotea mbili moja tu, na mimi najua ilikopotelea.

Hukuandika mlingano. Ungeuandika ungeiona:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Kaboneti moja imebeba sodiamu mbili. Kila klorini inaondoka na sodiamu moja. Kwa hiyo kaboneti moja haimaliziki mpaka zije asidi mbili. Kwenye zile sentimita 25 kulikuwa na moli 0.00125 za kaboneti, basi asidi iliyokuja kuzimaliza ilikuwa moli 0.0025, na asidi hiyo ilikuwa imekaa ndani ya sentimita 20. Gawa 0.0025 kwa 0.020. Umepata 0.125.

Wewe ulikariri kwamba M kwa V ya huku, yaani molariti (moli katika kila lita) mara ujazo, ni sawa na M kwa V ya kule. Hiyo ni nusu ya kanuni. Nusu ya pili, ile ya namba zinazokaa mbele ya mlingano, umeiacha kwenye ubao wa Kidato cha Tatu. Ndiyo maana ulirudia mara nne ukapata kilekile: ulikuwa unarudia mkono, hurudii swali.

Sasa tuje kwenye ratiba. Wewe unadhani tatizo lako ni kwamba huifuati. Mimi naona hata ungeifuata mpaka mwisho ungepata alama zilezile, pengine thelathini na kitu. Ratiba yako inapanga kusoma daftari, na daftari ukilisoma kila kitu unakielewa, maana majibu yako pale pale mbele yako. Ni kama kumtazama mama mdogo akichoma vitumbua ukasema unajua kuchoma. Siku ya kwanza uliposhika upawa wewe mwenyewe vilitoka vya duara? Halafu umeianzia Kidato cha Kwanza kana kwamba hujawahi kusoma, wakati una karatasi ya moko inayokuonyesha kwa wino mwekundu mahali penye shimo. Ibandue hiyo yenye rangi. Sheria za maabara ulizosoma zinakutosha mpaka uzeeni.

Nina uhakika mama mdogo wako ana daftari la madeni. Kila muuza vitumbua analo: fulani vitano, fulani mbaazi za mia tano, na asiyelipa hafutwi. Na wewe nunua la kwako, dogo, la kurasa 48. Kila swali ulilokosa au uliloliacha kwenye moko liandike humo kama deni, swali lenyewe tu, bila jibu. Deni linalipwa hivi: funga vitabu vyote, litatue kwenye karatasi chakavu toka mwanzo mpaka mwisho, kisha linganisha. Ukikosa, deni linabaki. Ukipata, usilifute bado, weka alama ya vema moja. Baada ya siku tatu lifanye tena bila kuchungulia. Baada ya wiki, tena. Vema tatu ndipo unapiga mstari. Swali la leo uliloliweza leo halijathibitisha kitu, kwa sababu bado lina joto kichwani. Mtihani utakukuta nalo limeshapoa.

Na daftari la madeni halina siku ya kupitwa. Usiku ukilala bila kulifungua, kesho madeni ni yaleyale, unaendelea na linalofuata. Hakuna cha kuchora upya.

Kabla hatujafika kwenye mada, nataka uhesabu nami kitu. Sehemu B ina maswali sita ya alama 9. Uliacha matatu: hizo ni 27. Swali la C ulilokimbia lina 15. Jumla 42, umezikabidhi bila kupigania hata moja. Ungeokota theluthi yake tu, alama 14, ungekuwa na 40 badala ya 26. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Unaona ulivyo karibu? Swali ulilokosa na swali uliloacha si ndugu. Kwenye lile ulilokosa mtahini anaweza kukuta mlingano ulioandikwa vizuri akakupa chako, uzito wa moli ulio sahihi akakupa chako. Kwenye karatasi tupu hana cha kukupa hata akikuonea huruma. Mwiko wako wa kwanza kwa wiki hizi nane ni huo: hakuna swali linaloachwa jeupe. Hujui kitu? Andika mlingano. Hujui mlingano? Andika data ulizopewa na vipimo vyake.

Wiki tatu za kwanza zipe moli na titresheni (ule upimaji wa asidi na besi kwa bureti) peke yake, wala usione aibu kwamba umekaa sana. Moli ikishakuingia umepata hesabu za sehemu B, umepata mkono wa kujaribu swali la C, na umepata karibu nusu ya kile watakachokutaka kwenye vitendo. Wiki ya nne ingia elektrolisisi, kuchambua vitu kwa umeme. Watoto wanaiogopa, lakini hesabu yake ni moli ileile, safari hii imekuja na umeme: kulombu 96,500 kwa kila moli ya elektroni. Wiki ya tano na ya sita ni za oganiki uliyoikosa. Usiianze kwa kukariri matumizi ya ethini. Anza kwa kuchora. Methani mpaka dekani, kumi zote, kaboni na haidrojeni zake, mpaka mkono uchoke. Kisha, kuanzia ethani, ziondolee haidrojeni mbili uone zinavyogeuka alkini (alkenes), na ujifunze kuzipa majina. Ukijua kutaja na kuchora, mengine yanajipanga. Ile hamira mnayotia kwenye vitumbua inakula sukari inatoa kaboni dayoksaidi na ethanoli. Ile gesi ndiyo inayoumua unga, na ethanoli imo kwenye harufu unayoisikia ukifunua sufuria alfajiri. Umeamka na swali la mtihani miaka yote hiyo.

Wiki ya saba okoteza: maji magumu, uchimbaji wa metali, kemia ya udongo, uchafuzi wa mazingira. Hizi mbili za mwisho ni jioni mbili tu, zinasomeka kama hadithi, na ni dhambi kuziacha. Maji magumu ninyi wa Tanga hamna sababu ya kuyakosa. Kwenu kuna mawe ya chokaa, mapango ya Amboni yenyewe ni chokaa iliyoliwa na maji. Sabuni inayogoma kutoa povu kwenye maji ya kisima, na ukoko mweupe ndani ya birika, ndiyo mada hiyo. Ule ukoko ni kalsiamu kaboneti. Ilikuwa imeyeyuka kwenye maji kama haidrojenikaboneti, ukachemsha, ikatengana ikaganda. Ndiyo maana ugumu wa namna hiyo unaitwa wa muda, unaondoka kwa kuchemsha. Ule unaoletwa na salfeti hauondoki hata uchemshe mpaka birika litoboke.

Wiki ya nane usisome kipya. Tafuta pasti pepa mbili tatu, kaa saa tatu kamili kwa kila moja, Jumamosi au Jumapili, saa mezani, simu kwa mama mdogo.

Muda wenyewe sasa. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri hawezi kutatua moli saa nne usiku. Si uvivu, ni mwili. Saa yako nzuri iko shuleni, baada ya vipindi, kabla hujafika nyumbani kazi zikakuona. Mwendee mama mdogo siku ambayo biashara imekwenda vizuri, mwambie hivi: mama, nipe saa moja na nusu kila siku nibaki shuleni mpaka mtihani, alfajiri sitakosa hata siku moja. Usimwombe akuachie kazi zote, atakataa, na atakuwa na haki yake maana ndicho kinachowalisha. Omba kidogo, omba chenye mwisho. Na hilo la kuacha kemia, mweleze kwa upole kwamba umeshasajiliwa, na kwamba vyuo vya uuguzi vinaiangalia kemia. Hakusema kwa ubaya. Ameona 26, na wewe hujamwonyesha ile nusu kamili.

Usiku mwachie kitu chepesi. Deni moja tu, kisha lala.

Kuhusu bureti nina huzuni, kwa sababu vitendo havisomwi kitabuni. Lakini usikae tu. Kusanyaneni watano, mwombe mkuu wa shule awaandikie barua, nendeni shule ya jirani yenye maabara Jumamosi mbili. Walimu wengi wa kemia hawakatai, tunapenda kuonekana. Mkifika kila mmoja ashike mwenyewe, msimwachie yule mjuaji mmoja. Bureti isuuzwe kwa asidi itakayotiwa ndani yake. Chupa ya chini isuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa tu, ukiisuuza kwa mmumunyo umeshaongeza moli usizozihesabu. Faneli iondolewe kabla ya kusoma, maana tone litakalodondoka baadaye linaharibu namba yako. Sifuri ya bureti iko juu na namba zinakua kwenda chini, wengi husoma kinyume. Uso wa maji huinama katikati, soma pale chini kabisa pa mwinamo, jicho likiwa usawa wake. Namba iandikwe na desimali mbili hata kama ni 20.00. Jedwali lichorwe kabla, si baada.

Nyumbani una kiashiria cha bure: rosela. Chemsha maua machache, chuja. Weka magadi kidogo kwenye glasi ya maji, tia rosela, utaona wekundu umekimbia umekuwa wa kijani kichafu. Sasa kamua limau tone moja moja huku unakoroga. Itachemka povu, hiyo ni kaboni dayoksaidi ikitoka, na rangi itakaa bila kubadilika, bila kubadilika, halafu matone machache tu yataigeuza kuwa nyekundu. Jifunze kuisubiri hiyo nafasi. Methili chungwa kwenye maabara itakufanyia hivyohivyo ukitia asidi kwenye besi: njano, njano, njano, kisha rangi ya chungwa. Ukifika wekundu umeshapita.

Kuna jambo hukuliandika nami nalijua. Darasani mnaelezwa kwa Kiswahili mnaelewa, karatasi inakuja kwa Kiingereza. Nyuma ya daftari la madeni weka orodha ya maneno ya amri kutoka kwenye pasti pepa: lile la taja, lile la eleza, lile la tofautisha, lile la kokotoa. Kwenye taja, mtu anayeandika ukurasa anapoteza muda. Kwenye eleza, anayeandika neno moja anapoteza alama, maana pale pana kwa sababu gani. Nimeona wanafunzi waliojua kemia kuliko mimi wakiangukia hapo.

Na zile 20,000 nunua kauntabuku, kalamu, na hilo daftari dogo, chenji mpe mama mdogo. Ingekuwa pepa ni ya kweli, Baraza la Mitihani lingekufutia matokeo yako yote, siyo ya kemia tu. Ikiwa ya uongo, na ndivyo huwa, utaingia ukumbini umesoma maswali ambayo hayapo. Wenzako wasikutishe na kunong'ona kwao.

Deni lako la kwanza nakuandikia mimi. Gramu 4.0 za sodiamu haidroksaidi zimefanya lita moja ya mmumunyo. Sentimita za ujazo 25 zake zikamalizana na sentimita za ujazo 20 za asidi salfuriki. Tafuta molariti ya asidi. Sodiamu ni 23, oksijeni 16, haidrojeni 1. Jibu lake ni mojawapo ya zile namba mbili zilizo kwenye barua yako, ila sikwambii ni ipi. Niandikie umepata ngapi, na mlingano uwe juu.